Siku Tembe wa Namkunda Alipotetea

Hii ni hadithi ya watu wanne na kuku mmoja. Mwenye kisu akiweke mbali kwanza, maana ikifika mwisho wasikilizaji hugombana.

Katika kijiji cha Ng'undo, juu mlimani, aliishi mwanamke aitwaye Nangasu, na Nangasu alikuwa na vidole. Alizalisha wanawake, na kuku aliwajua kama alivyowajua wanawake. Akimshika tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, alipima nafasi kati ya mifupa miwili iliyo chini ya mkia. Kikiingia kidole kimoja alisema, "Huyu bado anacheza." Vikiingia viwili alisema, "Mtafutieni kiota." Vikiingia vitatu alitaja saa, na saa hiyo kuku alitaga.

Kiangi alikuwa na masikio. Kazi yake ilikuwa kurina asali. Aliwasikia nyuki ndani ya mti akiwa ng'ambo ya bonde, na alijua kama wametulia au wana hasira. Mkewe alilalamika kwamba katika nyumba ile mtu hawezi hata kumsengenya mumewe kwa raha.

Kisaka alikuwa na mkono. Alipiga nyundo kwa mhunzi, na ng'ombe wa kuchinjwa alimwangusha kwa ngumi moja nyuma ya pembe. Maneno hakuwa nayo mengi, na subira hakuwa nayo kabisa.

Naetwe, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa na ulimi. Watu walijua anadanganya, na jioni walirudi kumsikiliza wajue uongo wa jana umeishia wapi.

Mama yake Naetwe ni Namkunda, na hadithi hii inamwangukia yeye. Alikuwa mjane. Mali yake ilikuwa binti huyo, nyumba ya nyasi, na tembe mmoja mwekundu. Mwaka mwingine tembe mmoja si kitu, lakini mwaka huo mdondo ulikuwa umepita mlimani. Kuku waliinamisha shingo, wakaharisha kijani, wakafa, na mabanda ya nyumba sitini yakabaki na manyoya. Waliosalimika ni tembe wa Namkunda na pora mmoja wa jirani, ambaye hata kuwika alikuwa hajajua. Mbegu yote ya kuku wa Ng'undo ilikuwa katika tumbo la tembe yule. Wanawake wakipita kwenda mtoni waliuliza, "Mama Naetwe, mkwe wetu ameamkaje?"

Jioni moja Nangasu akaja kumpima. Vidole vitatu viliingia.

"Kesho, jua likiwa utosini," alisema. "Na kwa kuwa ni mara yake ya kwanza, atapiga kelele kama mtu aliyeibiwa."

"Atatetea," alisema Naetwe.

"Atatetea mpaka mtamchukia."

Kutetea ndiyo sauti ya kuku anayetaga. Tembe akishaitoa haitwi tembe tena; huitwa mtetea. Namkunda alilala akiwa na furaha, na aliota vifaranga.

Alfajiri watu sita wakapanda kutoka nyikani, na mikuki na sime. Walikuwa watu wa ng'ombe. Walikuja siku hiyo kwa sababu walijua wanaume wa Ng'undo wamekwenda upande wa pili wa mlima kuzibua mfereji. Jirani mwingine wa Namkunda, Mzee Sekiete, alisimama mlangoni kwake akiwa na fimbo. Walimchoma mkuki tumboni, naye akafa ameshika mwimo wa mlango, na walipotaka kuingia iliwabidi kumbandua vidole. Walichukua mbuzi kumi na mmoja. Walimkamata Naetwe wakamtia kongwa shingoni, lile gogo lenye panda wanalofungwa mateka. Namkunda alimrukia aliyeshika kongwa, akapigwa kwa mpini wa mkuki juu ya jicho. Kitu cha mwisho alichokiona ni kijana mmoja akimtia tembe kapuni. Watu wale hawali kuku wala hawafugi, lakini walikuwa wamesikia kwamba sokoni kuku hubadilishwa kwa chumvi.

Alipopata fahamu nyumba yake ilikuwa jivu. Kiangi alikuwa amefika kutoka kwenye mizinga, Kisaka kutoka kwa mhunzi, na Nangasu kutoka kwa mzazi katika nyumba ya mbali, mikono yake ikiwa bado na damu ya uzazi. Hapakuwa na mwingine wa kuwafuata wale watu isipokuwa watoto na vikongwe.

Namkunda alichota jivu la nyumba yake akaapa nalo mkononi. "Atakayenirudishia mwanangu, kuku yule ni wake. Yeye na kizazi chake. Sina kingine."

Huko Ng'undo, aliyeapa kwa jivu la nyumba yake harudi nyuma hata neno moja. Likumbukeni hilo.

Wakashuka wanne: Kisaka na rungu la chuma, Kiangi na panga la kurinia, Nangasu mikono mitupu, na Namkunda nyuma na kibuyu cha maji, damu ikimwingia jichoni. Nyayo ziliwaongoza mpaka chini ya mlima, kwenye uwanja wa mwamba mtupu. Hapo zikaisha. Mbele yao palikuwa na makorongo matano yaliyojaa miiba, kila moja likielekea upande wake. Nyika ilikuwa wazi baada ya hapo. Kila mtu alijua kwamba watekaji hawavuki nyika mchana. Hujificha korongoni mpaka giza liingie, kisha hawaonekani tena.

Kisaka aliona mavi ya mbuzi mdomoni mwa korongo la kushoto. "Huku," alisema.

"Mbuzi wamepita huko," alisema Nangasu. "Mavi yako pale, nyasi zimeliwa pale. Kongwa likipita kwenye miiba hukwaruza magome ya pande zote mbili. Magome yako wapi? Wamegawanyika hawa. Wametuachia mbuzi tuwafukuze."

"Sasa binti yuko korongo gani?"

"Sijui. Midomo mingine yote imezibwa na miiba, haionyeshi kitu. Kuku atatwambia."

Kisaka alimtazama. "Bibi, mtoto wa watu ana kongwa shingoni, na wewe unapiga ramli kwa mkia wa kuku."

"Sipigi ramli. Nilitia vidole. Jua likiwa utosini, atatetea. Ukiingia humo sasa, utakuwa mbali usisikie kitu, na kishindo chako watakisikia wao."

"Toka njiani."

Hakutoka. Kisaka akampiga ngumi ya mdomo. Nangasu alianguka kwenye mwamba, akatema meno mawili, akainuka, akasimama palepale aliposimama mwanzo. "Jua bado kidogo," alisema, na damu ikamtoka na maneno.

Kisaka akainua mkono tena. Hapo Namkunda alikwenda kukaa kwenye miguu ya Nangasu, katikati ya njia. Baadaye watu walimsifu kwa imani yake. Mwenyewe hakujua kama alimwamini Nangasu au kama miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Ila alikaa, na Kisaka hakuweza kumpiga mama aliyeporwa mtoto. Aliteremsha mkono. Walisubiri. Kivuli cha rungu kilipungua mpaka kikawa chini ya rungu lenyewe.

Kisha kuku akatetea.

Alitetea kutoka korongo la kwanza. Alitetea kutoka la pili, na la nne, na kutoka kwenye mwamba nyuma yao. Kuta za mawe zilirushiana sauti ile mpaka ikawa kama Ng'undo imerudishiwa kuku wake wote kwa siku moja.

"Haya," alisema Kisaka. "Kuku wako amesema. Amesema kila mahali."

Kiangi alikuwa amefumba macho. "Nyamaza."

"Mimi nime—"

"Nyamaza, Kisaka. Mwangwi hauvuti pumzi." Aligeuza kichwa polepole. "Kuku akitetea, kabla ya ule mlio mrefu huvuta pumzi. Hawa wote wanalia tu. Mmoja anavuta pumzi." Akaonyesha korongo la tatu. Lilikuwa jembamba kuliko yote, na miiba yake ilishonana kiasi kwamba hakuna mtu ambaye angefikiria kupita humo.

Kuku akanyamaza. Sasa aliyejua njia ni Kiangi peke yake, basi Kiangi akatangulia kwa tumbo. Kisaka alimfuata, kisha wanawake. Kiangi alifuata sauti ambazo wengine hawakuzisikia: mtu anayetafuna, mtu anayekuna mguu. Ilipobakia hatua kumi alikutana uso kwa uso na mlinzi aliyelala kifudifudi kama yeye. Mlinzi aliinuka kwa magoti, sime ikashuka. Iliondoa sikio la kulia lote, na ngozi ya shavu pamoja nalo. Kiangi hakulia, kwa kuwa kulia kungewashtua wengine. Alimkumbatia mlinzi miguu, akauma nyama ya paja, na hakuachia. Kisaka alipanda juu ya mgongo wa Kiangi kama daraja, rungu likashuka mara moja. Namkunda, akitambaa nyuma, ilimbidi apitishe mkono wake juu ya kile kilichokuwa kichwa.

Ndani palikuwa na uwazi mdogo na watu watatu zaidi. Wawili walikuwa wamekwenda na mbuzi. Wa kwanza alimchoma Kisaka mkuki ubavuni. Kisaka aliushika mpini, akamvuta mtu yule kwa mkuki wake mwenyewe, ukizidi kumwingia kila alipovuta, mpaka alipomfikia. Alimvunja shingo kwa mkono mmoja. Wa pili aligeuka kukimbia. Rungu lilimkuta kiunoni, akaanguka, na Kisaka akampiga mpaka akaacha kutikisika, na baada ya hapo pia.

Wa tatu hakukimbia wala hakupigana. Alichomoa kisu akaenda kwa Naetwe, kwa sababu mateka asiyeweza kupelekwa haachwi hai. Namkunda alimwona. Miiba ilimshika nguo na nywele, akajirarua, nyama na nguo pamoja, na bado alikuwa mbali.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Tangu asubuhi, tembe kapuni hakutulia. Alizunguka, alikwaruza, alinung'unika, kama anavyofanya kila tembe mwenye yai la kwanza. Mkubwa wa watekaji aliudhika akataka kumnyonga. Naetwe akasema, "Haya, mnyonge tu. Huyo ni kuku wa mganga. Anayemuua kabla hajataga, naye hatazaa. Yuko mwanamume mmoja kwetu alimuua dada wa kuku huyu. Sasa anavaa kanga."

Walimcheka. Kisha wakaacha kucheka. Mkubwa wao alishika kidole kidogo cha Naetwe. "Sema ni uongo." Naetwe akasema ni kweli. Alikivunja. "Sema ni uongo." Naetwe, machozi yakimtoka, akamtajia jina la yule mtu anayevaa kanga, na jina la mkewe aliyemkimbia. Wakamwachia kuku, na wakamtupia mapajani ili asikae karibu nao.

Kisha wakajihadhari kama watu wa kazi hiyo. Walimziba Naetwe mdomo kwa ngozi. Walikuwa wameshamvua beberu kengele. Kuku hawakumfunga mdomo. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe atajuaje kwamba kuku naye ana kengele, na kwamba siku ya kwanza huipiga yote? Naetwe alivuta nyasi kwa visigino, akatengeneza kiota katikati ya mapaja yake. Tembe alitaga humo akatetea, na kwa kuogopa uganga hakuna aliyethubutu kumgusa. Yai lilikuwa dogo, lina michirizi ya damu, kama mayai ya kwanza yalivyo.

Basi yule mtu wa kisu alipomwinamia, Naetwe alikuwa na yai mikononi, mikono ikiwa imefungwa mbele. Alimpasulia machoni. Mtu akafumba. Naetwe aliinuka na kongwa lake shingoni, akajitupa mbele kwa uzito wote, na gogo likamwingia yule mtu kooni. Walianguka pamoja. Namkunda alipofika alimkuta binti yake amelala juu ya gogo, akilikandamiza, na miguu ya mtu ikipiga ardhi chini yake, kisha mguu mmoja, kisha hakuna. Ilimbidi amwite jina mara tatu ndipo akaacha.

Walirudi mlimani wakiwa hai wote watano, na kuku chini ya kwapa la Namkunda. Walimzika Mzee Sekiete. Vidonda vikaanza kufunga, na pora wa jirani akajifunza kuwika na kazi nyingine ya jogoo. Mtetea, maana sasa hakuwa tembe tena, alitaga yai kila siku au siku mbili. Yalipofika kumi na mawili akayaatamia, na hapo ndipo kesi ilipoanza, kwa sababu Ng'undo kuna sheria: kifaranga anayetoka ndani ya yai bila mwenyewe ni wa mwewe, na hakuna anayeruhusiwa kumfukuza mwewe. Siku za kuatamia ni ishirini na moja.

Walikaa mbele ya kibanda kipya cha Namkunda.

"Bila vidole vyangu," alisema Nangasu, "shaa hizi tungekuwa tunafukuza mbuzi." Meno yaliyong'oka yalimfanya aseme hivyo, na vijana waliinamisha vichwa wasicheke. "Nililipa meno mawili. Na aliyenidai meno hayo amekaa pale anadai na kuku. Kishaka, huoni haya?"

"Nilikupiga, na nilikosea," alisema Kisaka, akiwa ameegemea upande usio na kidonda. "Ila kujua saa hakujamuua mtu yeyote. Nimeua watatu. Mkuki uliingia huku ukatokea huku. Naetwe angekuwa amerudishwa na vidole, mimi ningekuwa na mbavu nzima."

Kiangi aliwageuzia sikio lililobaki. "Mlikuwa na saa na mlikuwa na rungu, na mbele yenu makorongo matano. Mngechagua lipi? Sikio la kulia sikulisahau mahali. Nililiacha kule."

"Mama aliapaje?" aliuliza Naetwe. "Alisema, atakayenirudishia mwanangu. Aliyemweka kuku hai ni nani? Aliyemuua mtu wa kisu ni nani? Mkono wa Kisaka ulikuwa wapi wakati huo? Mimi nimejirudisha."

"Mtu hajirudishi," alisema Kisaka. "Mzigo haujibebi."

"Mzigo gani unaua mtu?"

Hapo mzaha mmoja ukatoka nyuma. "Jamani, aliyetetea ni kuku. Apewe kuku, kuku mwenyewe." Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini kicheko hakikukata kesi.

Yule jirani mwenye pora akashauri wagawane. Nangasu akamjibu, "Kuku mmoja akigawanywa kwa wanne huitwa mchuzi." Mwingine akasema wagawane mayai, matatu matatu. Wazee wakakataa. Namkunda alishika jivu akasema "atakaye." Hakusema "watakao." Angesema hivyo mayai yangegawanywa, na watu wangekula usingizi. Lakini kiapo cha jivu ni kama kilivyotoka mdomoni, na kilitoka na mtu mmoja.

Siku zikapita. Nangasu alikuja kila asubuhi kumnywesha mtetea maji, na hakusema lolote juu ya kesi. Kiangi alileta asali. Kisaka alimjengea Namkunda mlango wa mbao, mkono mmoja ukishika ubavu. Naetwe alilala ndani humo humo, na kidole chake kilichopona kikiwa kimepinda. Namkunda aliwatazama wote wanne na kila mmoja akamwona ni yeye. Akimfikiria mmoja, watatu walisimama mbele yake na vidonda vyao. Akimfikiria binti yake, alijiuliza kama mama anaweza kuapa mbele ya watu kisha akajilipa mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja Kiangi alisema, kabla ya mwingine yeyote kusikia, "Anagonga." Namkunda akachuchumaa kando ya kiota. Chini ya mbawa za mtetea, yai moja lilikuwa linatikisika. Juu ya paa la jirani mwewe alikuwa ameshatua, akisubiri kwa adabu kama mgeni aliyealikwa. Wote wanne walikuwa mlangoni. Hakuna aliyesema, "Nipe."

Ufa ukaingia kwenye ganda. Namkunda akafungua mdomo ataje jina.

Mliokaa hapa mkasikiliza, mdomo ule nawaazima ninyi. Vidole, sikio, mkono au ulimi: kuku ni wa nani? Je, wewe ungeamua vipi? Usiniambie utafikiri mpaka kesho. Mdomo wa kifaranga umeshatokeza, na mwewe anakunjua mbawa.